Nimepeleka posa, nimeambiwa kwanza nilete ufunguo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Mpunguzi, ukitoka Dodoma mjini kuelekea Iringa. Nalima zabibu, na alizeti kidogo. Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu wa pili, ila nikianza na yeye hutanielewa. Nivumilie nirudi nyuma mpaka mwaka 2015.

Nilikuwa na rafiki. Nimwite Mama Zabibu. Si jina lake, lakini ndiye aliyenifundisha kupogolea mizabibu nilipoolewa hapa nikitokea Kongwa, sijui hata kushika mkasi. Mashamba yetu yamepakana. Watoto wetu wamekula sahani moja. Kadi za CCM tulichukua siku moja, na sare za UWT, jumuiya ya wanawake wa chama, tulishona kwa fundi mmoja.

Mwaka ule Rais Kikwete alikuwa anamaliza muda wake, watia nia wa kugombea urais kwa CCM wakawa wengi, 38 wakarudisha fomu. Mwenzangu alikuwa wa Lowassa damu damu. Alikuwa na sababu yake: mwanawe mkubwa alisoma sekondari ya kata, zile zilizojengwa kwa mbio Lowassa akiwa waziri mkuu, na bila shule ile angeishia la saba kama mama yake. Ilipokuja zamu ya wanachama kuwadhamini watia nia, akaenda kupanga foleni alfajiri. Nikamwambia, mama, wanatakiwa wadhamini 450 tu kwa mikoa 15, saini yako ya nini? Akanijibu, "Yangu naitaka iwemo."

Mimi nilikuwa wa Dk. Asha-Rose Migiro. Nilimpenda tangu alipokuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Nilikuwa nikimwona kwenye taarifa ya habari amekaa na wakubwa wa dunia, nawaambia mabinti zangu, mnamwona huyo? Hapo mwanzo tulikuwa tunataniana tu. Mimi namwita "mke mwenza wa Lowassa," yeye ananiita "katibu muhtasi wa Migiro."

Julai tulishuka mjini pamoja, tukauze ubuyu na zabibu kavu kwa wageni wa mkutano. Tulifikia kwa dada yake, Chang'ombe. Usiku wa kusubiri majina kutoka Kamati Kuu tulilala mkeka mmoja, redio katikati yetu. Yakatoka matano: Membe, Magufuli, Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Lowassa amekatwa. Mwenzangu akavuta kanga, akajifunika uso, hakusema neno. Mimi, Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele. Kifupi, lakini nilikipiga.

Halmashauri Kuu nayo ikachuja, wakabaki watatu: Magufuli na wanawake wawili. Shangazi, sikuamini masikio yangu. Nikasema safari hii lazima. Tarehe 12 matokeo ya Mkutano Mkuu yakasomwa: Magufuli kura 2,104, Amina 253, Dk. Migiro 59. Tulikuwa ndani ya daladala tunarudi Mpunguzi. Mwenzangu, siku mbili hajafungua mdomo, akacheka. Akasema gari zima lisikie: "Hamsini na tisa! Hata ngoma ya jando inapata watu zaidi ya hao." Abiria wakaangua kicheko. Nami nikamjibu: "Afadhali hamsini na tisa safi kuliko wewe, Mama Richmond." Wakacheka zaidi.

Unakumbuka Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la ule mkataba wa umeme wa Richmond. Basi jina likamganda mwenzangu. Sokoni Mama Richmond, kisimani Mama Richmond. Binti yake mdogo, aliyekuwa kidato cha kwanza, wenzake wakawa wanamwita Richmond mtupu.

Julai hiyo hiyo, tarehe 28, Lowassa akahamia CHADEMA, chama cha upinzani. Mwenzangu akarudisha kadi, akamfuata. Mimi nikaingia kwa Magufuli na kaulimbiu yake ya Hapa Kazi Tu. Tulikuwa pia na kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, wanawake 30, mimi mwenyekiti. Kasha letu lilikuwa na makufuli matatu na washika funguo watatu, mwenzangu mmojawapo. Mwezi wa tisa nikaona si vizuri mtu wa msimamo ule aendelee kushika ufunguo wa fedha za watu. Nikapendekeza kikaoni, wakaafiki, akaurudisha, tukanunua kufuli jipya Soko la Majengo. Watu wakatania kwamba kikundi kimepata kufuli kabla nchi haijapata Magufuli. Baadaye alijitoa, tukamlipa hisa zake zote, hata senti moja haikupungua. Hilo nalitaja tu ili usije ukadhani tulimdhulumu.

Tangu hapo ni salamu za msibani, basi. Mume wangu amenisema mpaka amechoka. Lowassa aliporudi CCM mwaka 2019, mume wangu aliniambia, "Mnaona? Wenyewe wamepatana, nyie mmebaki na uadui wa watu." Nikajua ni kweli, na bado sikwenda. Lowassa alipofariki, Februari 2024, nilimkuta mwenzangu dukani anatazama televisheni, machozi yanamtoka bila sauti. Nilitaka kumpa pole. Nikanunua chumvi, nikaondoka. Januari 2025 Mkutano Mkuu uliposimamisha mwanamke, Rais Samia, hapa hapa Dodoma, nilipiga vigelegele peke yangu uani, kuku wakakimbia.

Sasa mwanangu amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ndiye yule binti mdogo, siku hizi ni mwalimu. Wanapendana, sina la kusema. Tukatuma mshenga na barua ya posa. Barua imepokelewa, haikufunguliwa. Jibu lililorudi ni hili: "Mwambieni mama wa kijana kwanza alete ufunguo."

Mume wangu akasema hilo ni fumbo, wanataka kifungua mlango. Tukaweka shilingi 50,000 kwenye bahasha. Imerudi ilivyo. Shangazi, ufunguo gani? Kikundi kilivunjika mwaka 2018. Kasha liko uvunguni mwa kitanda changu, natunzia mbegu za karanga. Nitume wazee na mbuzi? Au nimwambie mwanangu atafute kwingine, maana huyu mama bado ana siasa moyoni?

Mama wa Mpunguzi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mama.

Ufunguo unaujua. Umeuandika kwa mkono wako, ila umeupitisha mbio kati ya daladala na msiba, kama mtu anayepita na kuku asiye wake mbele ya ofisi ya mtendaji. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina kigelegele, ina kanga, ina chumvi ya dukani, yote umeyaeleza kwa utulivu. Ulipofika kwenye kasha ukaanza kukimbia, na ulipomaliza ukajitetea kabla sijakuuliza kitu.

Lakini tuanze na kura, maana sitaki uone nakudharau kwa kulia juu ya mgombea. Wapo wanaosema mambo ya watia nia ni ya wakubwa, sisi wa chini yanatuhusu nini. Hao hawajawahi kumpenda mtu aliyekatwa jina. Mwaka 1995, CCM ilipokuwa inachagua mgombea wake wa urais, nilikuwa nauza chai na maandazi karibu na ukumbi wa mkutano, Chimwaga, enzi hizo Chuo Kikuu cha Dodoma hakijakuwepo, ni ukumbi na upepo. Mimi nilikuwa wa Kikwete. Usiniulize sera, alikuwa kijana na anacheka vizuri. Mzunguko wa kwanza akaongoza: yeye 534, Mkapa 459, Msuya 336. Nikaanza kugawa maandazi bure. Mzunguko wa pili Mkapa 686, Kikwete 639. Kura 47! Birika lilinidondoka, na maandazi niliyogawa hayakurudi.

Nilikuwa na mteja wa kila siku, karani, mtu wa Mkapa. Nilimnunia miezi. Kikwete mwenyewe alikuwa ameshapewa Wizara ya Mambo ya Nje na yule aliyemshinda, akaishika miaka kumi, na mimi bado namnyima yule karani kijiko cha pili cha sukari. Kwa hiyo naelewa. Mtu unayemchagua moyoni humchagui kwa ajili yake tu, unamtwika mambo yako. Mwenzako alikuwa amemtwika Lowassa shule ya mwanawe. Wewe ulikuwa umemtwika Dk. Migiro mabinti zako. Aliposema "hamsini na tisa" mbele ya abiria, hukusikia hesabu ya kura, ulisikia mabinti zako wanachekwa. Aliposikia kigelegele chako gizani pale Chang'ombe, naye alisikia kitu kama hicho hicho. Na mnajua nyote wawili kwamba ndani ya ukumbi ule hamkuwa na kura hata moja, waliopiga ni wajumbe. Nadhani ndiyo maana ilikuuma zaidi. Aliyepiga kura akashindwa, walau mkono wake ulifanya kitu.

Haya, yule karani alirudi. Siku moja tu akaja, akasema, "Mama, leo nipe sukari yangu," nikampa, yakaisha. Nimejiuliza kwa nini yetu yaliisha na yenu hayajaisha miaka yote hii. Jibu langu ni kwamba mimi nilimnyima mtu sukari, sikumwita mwizi.

Wewe ulimwita. Tena mara mbili. Kwenye daladala ilikuwa hasira, na yeye ndiye aliyeanza, hilo nakupa. Richmond ni jambo la Lowassa na Bunge la mwaka 2008, na yeye hadi anakufa alikana kosa. Mama wa Mpunguzi aliyepanga foleni kwa sababu ya shule hakusaini mkataba wowote wa umeme. Lakini utani wa ndani ya gari huwa unakufa. Huu haukufa kwa sababu mwezi wa tisa uliuwekea mhuri. Uliitisha kikao, ukiwa mwenyekiti, ukasema mwanamke huyu asishike ufunguo wa fedha za watu. Wanawake 30 walisikia nini? Hawakusikia kwamba amehama chama. Kikundi chenu hakikuwa cha chama. VICOBA ni hisa na marejesho, haina uhusiano na nani ameteuliwa kugombea urais. Walisikia kwamba Mama Richmond kweli ni Richmond, kwa hiyo fedha zifichwe. Na mkaenda mpaka Majengo kununua kufuli jipya. Kufuli jipya, mama! Mtu anabadilisha kufuli anapoogopa kwamba mwenye ufunguo wa zamani amechonga mwingine. Alikabidhi ufunguo wake mezani, na bado mkaona hautoshi.

Halafu wewe mwenyewe unaniandikia kwamba mlipomlipa hakuna senti iliyopungua. Ulikuwa unajitetea wewe, lakini hebu isome upya kama ushahidi wake yeye. Alishika ufunguo miaka yote ile, na kasha lilikutwa kamili. Hilo lilipaswa kusemwa kikaoni, na mwenyekiti ndiye wa kulisema. Hukulisema. Alitoka pale na hisa zake, bila jina lake.

Ndiyo maana maneno ya mumeo hayakukuingia. Ni mtu mwema, mwambie namsalimu, ila anatibu goti na kidonda kiko kisigino. "Wenyewe wamepatana" ni dawa ya watu waliogombana kwa ajili ya Lowassa. Nyinyi Lowassa mlishamalizana naye ndani ya daladala. Angerudi CCM mara saba, kufuli la Majengo lingebaki pale pale. Na ile bahasha ya kifungua mlango, jamani! Umemtumia elfu hamsini mtu anayedai kwamba hakuwahi kutaka fedha zenu. Nashukuru aliirudisha ilivyo bila kuongeza neno.

Kwa hiyo wazee na mbuzi, hapana. Mbuzi ataliwa, watu watapangusa mikono, na hakuna atakayekuwa amesema kilichotendeka. Mbuzi aje baadaye, kwenye mambo ya mahari, huko ndiko kwake.

Toa hizo karanga ndani ya kasha. Tafuta lile kufuli jipya na ufunguo wake, maana kama ninavyokujua kwa barua hii hujautupa. Nenda mwenyewe kwanza, bila mshenga, bila mume, saa ambazo unajua yuko nyumbani hajaenda shamba. Usivae kitu chenye rangi ya chama chochote. Ukikaribishwa kaa, usipokaribishwa sema ukiwa umesimama. Mwambie: nilikuondoa kwenye ufunguo kwa sababu nilikukasirikia, sikuwa na sababu nyingine, fedha hazikupungua hata siku moja na nililijua hilo. Kisha mwombe akuruhusu uyarudie maneno hayo hayo mbele ya wale wanachama waliobaki Mpunguzi. Kikundi kimevunjika lakini masikio yao hayajavunjika. Alivuliwa hadharani, ukimvika chumbani atakushukuru na ataendelea kutembea uchi sokoni. Akikuambia hataki makelele, hapo umwachie yeye aamue nani aitwe. Huo ufunguo na kufuli lake mpe mkononi. Atafanya nao nini, si kazi yako.

Kuna neno litakuwasha mdomoni: hamsini na tisa. Najua linauma mpaka leo, ndiyo maana umeniandikia na hesabu ya kila mmoja. Usilitaje. Siku ile si zamu yake kuomba radhi. Akilitaja mwenyewe, vizuri, lieni pamoja au chekeni, lakini wewe usiende pale na ratili.

Na usitaje posa. Hapa nakusihi sana. Ukisema "nimekuja kuomba radhi ili watoto waoane," atakuwa na haki ya kukuona umekuja sokoni kununua. Nenda ukiwa tayari kwamba ataupokea ufunguo na barua ya posa ataiacha pale pale ilipo, haijafunguliwa. Acha zipite siku kadhaa kabla mshenga hajarudi. Hao watoto ni watu wazima, hawatanyauka kwa kusubiri.

Yule binti ana deni lake peke yake. Alikuwa kidato cha kwanza akaitwa Richmond darasani, na jina lilitoka kinywani mwako. Anajua. Watoto wanajua nani alianzisha. Na bado amekubali kuingia nyumbani kwako, jambo linalonifanya nimheshimu kabla sijamwona. Mwite peke yake siku nyingine, umwombe radhi kama unavyomwomba mtu mzima, bila kumchekea na bila kumwambia ulikuwa utani. Mwanao naye mweleze yote kabla hajasikia kwa mkwewe. Kuhusu kumwambia atafute kwingine, nimekusamehe, nadhani uliandika usiku.

Unasema mwenzako bado ana siasa moyoni. Sijaiona. Mtu mwenye siasa angekurudishia barua na maneno ya chama, au angekuuliza uko wapi leo. Huyu amepokea barua yako, ameiweka ndani, akakuagiza kitu kimoja ambacho ni wewe tu unacho. Miaka yote amekaa hapo jirani, mpaka mmoja wa shamba, anakungoja. Wewe ulimwona akilia dukani ukanunua chumvi. Naomba nikuulize: siku ile ulikuwa umeishiwa chumvi kweli?

Zile pole za msiba wa Lowassa bado unaweza kumpa. Hazijachacha. Mpe baada ya ufunguo.

Jambo dogo la mwisho. Kufuli lililokaa uvunguni miaka yote hii na vumbi letu la Dodoma litakuwa limeshika kutu. Lifungue ukiwa bado nyumbani, ulipake mafuta ya alizeti, ujaribu mpaka ufunguo uzunguke wenyewe. Usije ukafika kwake ukaanza kumwomba nyundo.